Nyama Kabla ya Kikao

Kwetu Kakuma, mtu akichinja mbuzi nawe ukala nyama yake mbele ya watu, humpingi siku hiyo. Ungoje kesho. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini nimeona wazee wenye hasira wakiifuata. Kampuni ya mchanga haikuijua, au labda iliijua vizuri. Mpaka leo sina ushahidi.

Kampuni hiyo ilitaka kibali cha kuchota mchanga wa mto wetu mkavu na kuupeleka kwenye ujenzi katika kambi ya wakimbizi. Sheria ya serikali inataka wakazi wasikilizwe kwanza. Nilikuwa nimeisoma mwenyewe, kifungu kwa kifungu, kamusi ikiwa kando, kwa hiyo afisa wa mazingira alipokuja kutoka Lodwar niliombwa nimtafsirie.

Mke wa kaka yangu alikuwa na kisima alichokichimba kwa mkono kwenye kona ya mto huo. Mchanga ndio unaohifadhi maji; ukiondolewa, kisima hukauka. Mbuzi wake wote walinywa hapo.

Afisa alichelewa njiani. Alipofika, kampuni ilikuwa imeshachinja mbuzi na kulisha watu. Akauliza nani ana pingamizi. Wale wale waliolalamika wiki nzima walitazama chini, wakichokoa meno.

"Basi wamekubali," meneja wa kampuni akasema.

Shemeji yangu akasimama. "Mimi sijala. Kwa hiyo nitasema."

"Nyama imekukosea nini, mama?" mzee mmoja akamtania, watu wakacheka.

"Haijanikosea. Wewe umeshiba, nyamaza. Na mbuzi wako pia wanakunywa kwangu."

Akaeleza habari ya kisima, nikatafsiri. Afisa akaniuliza kula kunahusiana vipi na kusema. Nikamweleza desturi kwa maneno machache. Akaweka kalamu chini, akafikiri.

"Waambie kikao hiki hakihesabiwi. Tutarudi, na hakuna atakayechinja."

"Hata chai?" meneja akauliza.

"Hata chai."

Kikao cha pili kilikuwa kirefu na chenye kelele. Yule mzee mtani aliongea kuliko wote. Kibali kilitolewa, kwa sharti kwamba kampuni isiiguse ile kona, na mpaka ukawekwa kwa mawe yaliyopakwa chokaa.

Nilidhani yameisha. Lakini afisa anakaa Lodwar, na eneo lake linafika hadi Nadapal, kwenye mpaka wa nchi. Haukupita muda, malori yakavuka mawe. Shemeji akanipigia simu, nami nikampigia afisa. Alikuja, akasimamisha kazi mpaka kampuni ilipolifukia shimo ililochimba. Kisima hakikukauka, ingawa maji yalishuka na ikabidi achimbe zaidi.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kunywesha mbuzi, shemeji hupita kwanza kwenye mawe kuangalia kama kuna alama za magurudumu upande wake.