Plasta ya Nyumba ya Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu husema kwamba wezi wakija kwetu Kitale watanibeba pamoja na viti, wakidhani mimi ni sehemu ya seti. Kazi yangu yenyewe ni ya kuketi. Watu wanaotaka kujenga huniletea vipimo pale kwenye veranda, nami nawaambia itatakiwa mifuko mingapi ya simiti, mchanga lori ngapi, mabati mangapi. Hesabu hiyo niliiokota baada ya kidato cha nne, nilipokuwa nikiuza katika duka la vifaa vya ujenzi. Duka lilifungwa, hesabu ikabaki kichwani. Kuna nyumba kule Kachibora ambayo watu huisifu, ati imesimama vizuri sana, nami sijawahi kuona hata kona yake moja.

Kwa hivyo mchwa walipomaliza nguzo za nyumba ya mama mkwe huko Matulo, upande wa Bungoma, wakwe walikubaliana kwamba mimi ndiye nichore na kukadiria nyumba mpya ya matofali. Nilikubali haraka. Mila ilikuwa upande wangu: kwetu mkwe haingii nyumba ya mama mkwe, hampi mkono, na wakionana njiani kwa mbali mmoja hutafuta kichaka. Wanaume wengine huilalamikia mila hiyo. Mimi nilijifunika nayo kama blanketi. Kila nilipoalikwa Matulo nilijibu kwa heshima zote, "Mnajua mila," nikaendelea kunywa chai yangu.

Lakini safari hii hata kuketi kulinishinda. Mama alikuwa akilala jikoni, pamoja na moshi na kuku, na masika yalikuwa yanakaribia. Mke wangu akimpigia simu, nilisikia kikohozi kabla ya salamu. Nikawa natoka nje, naangalia wingu la upande wa Bungoma, narudi, naketi, nainuka.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "wingu halisukumwi kwa macho."

Asubuhi moja fundi akapiga simu.

"Mkubwa, simiti imeisha."

"Imeisha aje?"

"Imeisha tu, bana. Na chumba ya mama bado iko matofali tupu."

Nikarudia hesabu palepale. Plasta ya nusu inchi, karai moja ya simiti kwa karai nne za mchanga. Kuta za nje, upande wa ndani. Kuta za kugawa vyumba, kila moja nyuso mbili; wengi husahau uso wa pili, mimi sisahau. Nikaongeza na ile inayodondoka chini fundi akipiga domo. Jibu likaja lilelile. Kwa kuwa mimi sikukosea, mwizi alikuwa fundi.

"Nenda ukaone," mke wangu akasema.

"Nikaone nini na siruhusiwi kuingia?"

"Si dirisha liko?"

Alikuwa ameshavaa viatu. Nilitamani kuahirisha mpaka Jumatatu, lakini kile kikohozi kilikuwa kikinifuata hata bafuni. Tukaenda.

Tulipofika Matulo, mke wangu akaelekea jikoni kumsalimu mamake. Mimi nikapita nyuma ya nyumba kama mkwe mwenye adabu, nikikohoakohoa kila kona ili anayepaswa kujificha ajifiche. Hakuna aliyejibu. Kwenye dirisha la sebule lilining'inia gunia, na nyuma yake kivuli cha mtu kilikuwa kikikwangua ukuta. Nikajua ni fundi, anafuta ushahidi.

Nikapenyeza ncha ya tepu chini ya gunia.

"Shika hii. Peleka mpaka kona."

Ncha ikachukuliwa bila neno.

"Vuta! Vuta kabisa! Ama mikono imechoka kubeba simiti ya watu usiku?"

Tepu ikakazwa hadi ikalia. Nikasoma. Sebule niliyoichora futi kumi na nne ilikuwa imebaki tisa.

"Tisa? Huo ni ukuta gani umeota humo ndani? Mwizi mkubwa wewe, utanieleza leo!"

Ndipo mtu wa ndani akakohoa.

Kikohozi kile nilikifahamu. Niliachilia tepu ikaanguka, nikaruka nyuma ya rundo la matofali na kuchutama. Fundi mwenyewe akatokea njia ya kisimani, akisukuma wilbaro yenye mitungi ya maji.

"Mkubwa! Mbona umejificha hapo kama mtu wa kuiba kuku?"

Mke wangu akaja mbio kutoka jikoni, ambako hakuwa amemkuta mamake. Aliniangalia mimi, akaangalia tepu, akaelewa yote. Alicheka hadi akaushika ukuta. Hapo mama akaanza kusema kutoka ndani, kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia, lakini akisema na binti yake, kama inavyotakiwa.

"Mwambie mkwe simiti haijauzwa."

"Mama anasema simiti haijauzwa," mke wangu akaniambia, nami niko hatua chache tu.

"Mwambie mama samahani. Nilidhani ni fundi."

"Mwambie nimesikia alivyodhani. Mwambie kila mwaka ni mila, mila. Basi ule ukuta nimeuongeza mimi. Nimemkatia chumba na mlango wake wa nje. Akija hatutakutana."

Kumbe ndiyo sababu sikujua. Matofali yalichomwa katika tanuru lake, shambani mwake, kwa udongo wake. Hakuhitaji kumuuliza mtu wa Kitale. Ni simiti tu iliyopitia kwangu, na simiti ndiyo iliyomfichua.

Nikajaribu kujitetea. "Mwambie mama, paa si ni moja?"

"Mwambie mila hiyo iliwekwa wakati wa nyumba ya nyasi, mmoja akijigeuza kitandani mwingine anajua. Hii ni tofali."

Nikamgeukia fundi. Yeye akaangalia maji yake.

"Mama alisema nianze na chumba ya mkwe, na nisikuambie. Sasa mimi ningefanya nini, mkubwa? Mama amesema."

Nikazunguka upande wa pili. Mlango ulikuwapo, bado haujapakwa rangi. Nikachungulia bila kuingia. Kuta zote nne zilikuwa zimepigwa plasta laini ambayo ungeweza kuandikia barua, na zimeshakauka. Nyuso mbili za ukuta nisioukadiria, na sakafu pia: simiti yote ya chumba cha mama ilikuwa imekwisha pale, kwa mtu aliyekuwa akijivunia kutokuja. Mama naye bado analala na moshi.

Nilipanda bodaboda hadi Webuye, nikarudi na pikapu ya simiti, nikavua shati. Mimi, mzee wa veranda, nikachanganya mchanga kwa koleo. Chumba cha mama singeweza kukitia mguu, kwa hivyo fundi alipiga plasta ndani, nami nikampitishia karai dirishani, moja baada ya nyingine. Wingu lilikuwa limeziba Mlima Elgon. Simiti ikishachanganywa haingoji mtu apumzike, na mgongo wangu ulikuwa unauliza kuna nini.

"Mkubwa, leo umekuwa mtu," fundi akasema.

"Nyamaza upige kona."

Karai ya mwisho ilipita na matone ya kwanza. Fundi akatoka mbio kufunika mifuko iliyobaki, mke wangu akakimbilia jikoni kuanua kuni, nami nikaingia mlango uliokuwa karibu. Nilipofuta macho nikaona nimesimama katika chumba changu.

Ng'ambo ya ukuta nikasikia kitu kikiburutwa.

"Mwambie mkwe…" mama akaanza. Hakukuwa na wa kutumwa. "Umeloa?"

"Kidogo, mama."

"Nimeingiza godoro. Jikoni sirudi."

"Plasta ya huko ni mbichi, mama. Unyevu wake utakuua kifua."

"Moshi haukuniua."

Nikapapasa ukuta wa upande wangu kwa kiganja, juu na chini. Haukuwa na unyevu hata kidogo.

"Njoo ulale huku, palipokauka."

"Kwa chumba cha mkwe? Haifai."

"Bado si changu, mama. Sijaketi humu. Nimesimama tu."

Akalipima jambo hilo.

"Hujaketi kweli?"

"Hata kuegemea sijaegemea."

"Na wewe utalala wapi?"

"Mimi nina nyumba Kitale."

Alicheka hadi kikohozi kikamshika, nami nikangoja kipite, miguu ikinichoma, nikiogopa kugusa hata kizingiti.

"Mwanaume gani huyu," akasema alipopata pumzi, "anajengewa chumba, anakitoroka! Haya, toka nipite."

Nikatoka nje mvuani, nikazunguka nyumba kwa upande mwingine ili tusikutane. Nilisimama chini ya dirisha lake, maji yakinimwagikia shingoni, hadi niliposikia godoro likivuka ule mlango mpya na kutupwa sakafuni.