Harufu ya Nazi kwenye Pini

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye duka la kutengeneza vyombo vya muziki pale Ukunda, Fundi Mkuu alinipa kichezea muziki cha mfukoni akaniambia nichungulie tundu lake la chini. "Mwanaisha, waziona hizi pini? Zafanana, lakini kazi mbalimbali. Hii yaingiza umeme wa betri, ile yaurudisha. Hizi mbili za kati hazilishi betri. Zapitisha data, yaani nyimbo zenyewe kutoka kwenye kompyuta."

Nyinyi mnaoshusha nyimbo kutoka hewani hamtajua raha ya kuchomea pini nyembamba kama sindano kwa risasi iliyoyeyushwa. Mimi niliijua upesi. Wateja wa Diani wakaniulizia kwa jina, na kile kiti cha Fundi Mkuu karibu na dirisha nikakihesabu changu siku atakapostaafu.

Ndipo akaajiriwa Mutua, kijana wa bara. Alipotoa mzaha, Fundi Mkuu alicheka mpaka akafuta machozi. Mzaha wangu mimi hakuwahi kuucheka hata siku moja. Wivu ulinishika hapo hapo.

Asubuhi moja ustadhi wa Waa alileta kichezea chake cha kaswida. Kilikuwa kikichaji vizuri, ila kompyuta haikukitambua. Umeme wapita, data haipiti. Nikasema waya umekatika ndani, nikaanza kufungua skrubu. Mutua akainama, akanusa tundu.

"Ustadhi, umepaka mafuta ya nazi hapa?"

"Naam, mwanangu. Nazuia kutu ya chumvi."

Mafuta yalikuwa yamenasa vumbi, likaganda juu ya zile pini mbili za data. Mutua alizisugua kwa mswaki na spiriti, kaswida zikaingia. Mimi mzaliwa wa Bongwe, harufu ya nazi imo nyweleni mwangu tangu utotoni. Ningeinusa vipi? Fundi Mkuu alipostaafu, kiti alipewa Mutua, nami nikapelekwa tawi la Msambweni.

Huko nilichomea pini kwa hasira, na kazi yangu ilikuwa safi sana. Kila nilipopita Ukunda nikamwona pale dirishani, nilivuka barabara nisimsalimie.

Juzi nilipostaafu, Mutua alikuja kuniaga.

"Dada, Fundi Mkuu alinichosha na jina lako," alisema mbele ya watu. "Kila nikichomea pini, ananiambia, 'Mwanaisha angeifanya safi kuliko hiyo.' Hata alipostaafu alikuja dukani kuniambia, mpaka anakufa!"

Watu wakapiga makofi. Mimi roho iliniuma upya. Hata sifa zangu, aliyezisikia ni yeye.