Chumvi na Kapsuli ya Mama Mukubwa

Nilipokuwa mtoto, kule Nchelenge nchini Zambia, nilikuwa na cheo nyumbani: mimi ndiye niliyetia chumvi. Kwetu, mwanamke akiwa katika siku zake hatii chumvi kwenye sufuria, maana watakaokula watapata kikohozi kisichosikia dawa. Humwita msichana ambaye hajavunja ungo, au bibi ambaye siku zake zimekwisha, aje atie yeye. Basi nilikuwa naitwa kutoka mchezoni, nafuta mkono kwenye gauni, natia chumvi, narudi kucheza nikijiona mtu mkubwa. Baadaye sana ndipo nilipogundua kuwa kwa njia hiyo ua mzima ulijua habari za mwili wa kila mwanamke.

Tuliishi watatu. Mama Mukubwa, dada mkubwa wa mama yangu, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Nkambo, ndivyo tunavyomwita bibi, alikuwa mama yao. Tulivuka kutoka Kongo wakati wa vita, mimi nikiwa mgongoni. Mama Mukubwa alifanya biashara ya chisense, dagaa wa ziwa letu la Mweru. Alikuwa bado kijana, mwenye kicheko cha kusikika hadi kwa jirani.

Kisha akaacha kuniita. Miezi ikapita, chumvi anatia mwenyewe. Mimi nikanuna, nikidhani nimefukuzwa kazi. Nkambo hakununa, yeye aliacha kula. Binti yake hakuwa na umri wa kukatika siku, wala hakuwa na mimba, na kwa Nkambo jambo la namna hiyo lilikuwa na maana moja tu: amerogwa, na wa kumtibu ni mganga.

"Iko mutu alikufunga," alimwambia. "Twende kwa mufumu, akufungue."

"Mama, acha. Ni mwili tu."

Lakini mwili huo ulikuwa unamtesa. Joto lilimpanda ghafla, akatoka jasho akiwa amekaa kivulini. Usingizi hakupata, na akawa mkali kwa vitu vidogo. Safari moja alipopeleka samaki Lubumbashi alimwona daktari, akarudi na dawa mbili: kidonge cha asubuhi, na kapsuli laini ya jioni. Alielezwa kwamba mifuko yake ya mayai imechoka mapema. Kidonge kitampa kile ambacho mwili umeacha kutengeneza, na kapsuli italinda kizazi kisidhuriwe na kidonge. Akiziacha, mifupa yake itadhoofika kabla ya wakati. Kuhusu namna ya kuinywa kapsuli, sijui kama daktari hakusema, au yeye hakusikiliza kwa haraka ya kuwahi gari la kurudi ziwani.

Nkambo aliitazama kapsuli ile kiganjani mwake, akatoa onyo.

"Dawa ya damu na chumvi haviwezi kuikala mu tumbo moja. Ukivichanganya, vitapigana."

Mama Mukubwa alicheka. Yeye alifuata jambo ambalo kila mtu analijua, kwamba dawa hainywewi na njaa. Akaimeza katikati ya bukari, yaani ugali, na chisense, tonge huku, kapsuli huku. Kabla vyombo havijaoshwa aliinuka kuchukua ndoo, akashika ukuta. Maneno yalimtoka yakiburutika kama ya mlevi, yeye asiyegusa pombe. Tulimlaza mkekani. Nilishika miguu yake nikalia, maana nilikuwa nimeshafiwa na mama mmoja na sikutaka kufiwa na wa pili.

Jioni ya kesho yake ikawa vile vile, na Nkambo hakuhitaji ushahidi mwingine. Akazifunga dawa zote katika kitambaa, akasema atazitupa ziwani. Mama Mukubwa akaogopa, akakubali kuziacha, ila akaomba zisitupwe kwanza. Joto likarudi, usingizi ukakimbia, kicheko hatukukisikia tena. Siku moja, wakianika samaki, nilimsikia akiongea bila kuinua macho.

"Mama, nikikunywa, unakufa na woga. Nikiacha, ni miye nitakufa. Unataka nifanye namna gani?"

Asubuhi yake Nkambo alimwekea kile kitambaa mapajani. "Peleka ku kiliniki," alisema. "Baulize."

Nilienda naye. Nesi, mama wa makamo wa Kibemba, alimsikiliza mpaka mwisho. Kapsuli ile, alisema, ikikuta chakula tumboni mwili huichukua nyingi kwa pamoja, na ndipo kichwa kinapozunguka. Ale mapema, aache chakula kishuke, aimeze kwa maji wakati wa kupanda kitandani, na afanye hivyo hivyo kila siku. Hata ikileta usingizi, itamkuta amelala. Mama Mukubwa akauliza habari ya chumvi. Nesi akasema chumvi haina kosa lolote.

Nilisubiri kwa hamu tufike nyumbani nione Nkambo akishindwa. Tulimkuta amekaa mlangoni, mikono mapajani, hata chai hajagusa. Mama Mukubwa akachuchumaa mbele yake.

"Mama, ulisema kweli," akasema. "Haipendi chumvi. Banasema ningojee chakula ishuke kwanza, njo nikunywe."

Nilifungua mdomo. Mama Mukubwa akanitazama, nikaufunga.

Tangu hapo Nkambo akawa mlinzi wa kapsuli. Tulikula jua likiwa bado juu, kisha akamletea binti yake maji asukutue kinywa. Mama Mukubwa akitaka kuimeza mapema, Nkambo anamzuia: "Bado. Chumvi ingali mu tumbo." Sijui ni hospitali gani ingempa mgonjwa uangalizi wa namna ile. Kizunguzungu kikaisha, akalala, akaanza kucheka tena.

Na siku moja, sufuria ikiwa motoni, akaita kwa sauti ya kufika hata kwa majirani: "Mutoto, kuya utie chumvi."

Nilikwenda mbio. Nkambo alikuwa anachambua chisense. Akasema, "Aksanti Mungu," akaendelea kuchambua. Jioni hiyo alikula mpaka akaomba aongezewe. Kuanzia hapo niliitwa kila mwezi, hadi nami nilipovunja ungo na cheo changu kikaisha.

Mwaka huu siku zangu zimekatika, mapema kama zake. Daktari ameniandikia kapsuli ya aina ile ile, na jambo la kwanza nililofanya ni kumpigia simu Mama Mukubwa. Bado anaishi kule ziwani. Nkambo tulimzika zamani. Nilimwuliza kama niinywe na chakula au bila chakula, naye akanirudishia maneno ya nesi yote, bila kuongeza chumvi. Kisha nikamwuliza kwa aibu kidogo: damu itanirudia baada ya muda gani, kama ilivyomrudia yeye?

"Miye haikunirudia hata siku moja," akasema. "Munganga wa Lubumbashi aliniambiaka tangu mwanzo, ile dawa si ya kurudisha damu."

"Na ile chumvi uliyoniitia?"

"Mama yangu alikuwa anakonda na mawazo. Njo nikakuita."

Nikasema, kumbe alimdanganya Nkambo mpaka akaingia kaburini. Akasema hapana. Nkambo ndiye aliyekuwa akimfulia nguo zake zote, na mama hawezi kukosa kujua kisichokuwepo katika nguo anazozifua. Alijua tangu mwezi wa kwanza, na kila mwezi akaendelea kumshukuru Mungu kwa sauti. Mara moja tu, akiwa kitandani na ugonjwa uliomwua, alimshika binti yake mkono.

"Aliniambia, 'Mwanangu, aksanti ya ile chumvi.'"

Nililia kwenye simu, na Mama Mukubwa akaniacha nilie. Miaka yote hii nilidhani nyumba yetu iliongozwa na woga. Sasa naona kwamba walikuwa wanawake wawili, kila mmoja akijitahidi mwenzake apate usingizi, na walitumia kile walichokuwa nacho jikoni. Kabla hatujaagana Mama Mukubwa aliniuliza kama mimi ninalala vizuri. Nikasema ninalala. Akasema vema, mwanangu, na nikajua hakuniamini.