Dada Wawili Waliosemezana Majini Tu

Sevasti alizaliwa wa pili, na kwetu kisiwani Kalymnos hilo ni kosa ambalo mtoto wa kike hasamehewi. Nyumba ya mama ni ya binti wa kwanza. Dhahabu ya bibi, mashuka ya tarizi, kisima, mizeituni ya pale nyuma, vyote ni vya binti wa kwanza, na mume akija anakuja kuishi kwake. Wa pili anapewa baraka. Baraka hazina paa, lakini nani kakuuliza?

Wa kwanza alikuwa Themelina. Mimi ni binamu yao, Sakellaris. Najaza mitungi ya hewa na kuendesha mashua ya bosi wetu Mikes, anayepeleka wageni kuzamia, kwa hiyo nayajua mambo ya wale wawili kuliko nilivyotaka kuyajua. Ningekaa kimya, ila watu wa mkahawani wameanza kuyasimulia kwa kutia chumvi, tena wengine hata hawakuwepo. Basi afadhali niyaseme mimi.

Baba yao alikuwa mzamiaji wa sponji. Alikamatwa. Sisi tunasema hivyo tu, alikamatwa, maana yake alipanda juu upesi kuliko mwili ulivyoweza kuvumilia, miguu ikafa ganzi, na tangu hapo akawa mtu wa mkongojo. Na mkongojo wake huo aliwafundisha mabinti wote wawili kuzamia, yeye kaketi kwenye ngazi za gati anawatukana. Themelina alijifunza kwa sababu aliambiwa. Sevasti alijifunza kwa sababu, aliniambia mwenyewe, kule chini hakuna wa kwanza wala wa pili. Nikamwambia aache maneno makubwa, anipe spana.

Sevasti alipofika umri wa kuolewa akatokea Nomikos, fundi wa injini, akawa anamletea samaki. Samaki wa maana, chewa wa kupikwa sikukuu. Halafu mama yake Nomikos akauliza swali moja: mwanangu ataishi wapi? Nomikos akaoa msichana mwenye vyumba vitatu na roshani. Sevasti hakulia mbele ya mtu. Aliwala wale chewa waliobaki kwenye friji, akasema wana miba mingi.

Themelina alipoolewa, nyumba ikawa yake kama ilivyo desturi, na wazazi wakahamia chumba cha nyuma pamoja na Sevasti. Baba akafa humo. Mama naye akaugua humo, akauguzwa na Sevasti, akaogeshwa na Sevasti, akafumbwa macho na Sevasti. Siku ya arobaini, ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu imeshaliwa na watu wametawanyika, Themelina akatoka jikoni na sahani mikononi akamwambia mdogo wake, "Unaweza kukaa mpaka msimu wa wageni uishe."

Basi. Hayo tu. Nilikuwepo, nilikuwa nakusanya viti. Sevasti akaingia ndani, akatia nguo zake kwenye mfuko wa wavu wa kuwekea mapezi ya kuogelea, akahamia kichumba cha juu ya banda langu la kompresa, ile mashine ya kujazia mitungi. Kompresa ikinguruma kitanda kinatetemeka. Akasema anapenda. Muongo mkubwa.

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Na si kwamba waliepukana, maana Mikes alikuwa na waongozaji wawili tu wanaoruhusiwa kuingiza watu mapangoni, na ndio hao. Kila asubuhi wanapanda mashua moja, wanasimama karibu karibu, na mimi katikati kama ukuta wa choo.

"Sakellaris, mwambie huyo mama mwenye nyumba, mgeni wake yule mnene kafunga mkanda wa vipande vya risasi vya kumzamisha juu ya tumbo badala ya chini."

"Sakellaris, mwambie mpangaji wako nimeshamwona."

"Mwambie kuona si kufunga."

"Mwambie na kelele si kazi."

Na mimi, mjinga, mwanzoni nilikuwa nayapeleka kweli. Nageuka kulia, nageuka kushoto. Wageni wakafikiri ni sehemu ya mafunzo.

Lakini chini ya maji, hadithi nyingine kabisa. Nilizama nao mara kadhaa mgeni mmoja alipohitaji mtu wa kumshika mkono, nikaona kwa macho yangu. Kuna mwamba upande wa magharibi wa kisiwa unaoshuka wima, ukuta wa kwenda chini mpaka rangi ya bluu inakuwa nyeusi, na kwenye ukuta huo kuna mdomo wa pango tunaloliita Pango la Sili, kwa ajili ya wanyama wa bahari wanaolala humo. Themelina anatangulia na tochi, Sevasti anamaliza nyuma na gurudumu la kamba, na katikati wageni. Na wale wawili wanapiga soga! Kwa mikono. Themelina anaonyesha samaki mkunga aliyejificha kwenye ufa, Sevasti anajibu kwa vidole kwamba mkunga huyo anafanana na Mikes. Sevasti anamwigiza mgeni anayepiga mikono kama kuku, Themelina anacheka mpaka mapovu yanamtoka pembeni ya kipumulio. Wanakaguana geji za hewa. Mmoja anamrekebishia mwenzake mkanda wa mtungi, kwa upole, kama unavyomfunga mtoto vifungo vya shati. Wanapanda juu, wanavua barakoa, na hapo hapo nyuso zinafungwa.

Nilimuuliza Sevasti, "We, mbona kule chini mnaongea?"

"Kule si kuongea. Kule ni kazi."

"Na kumwita bosi mkunga ni kazi?"

"Ni tahadhari ya usalama," akasema, akapanda zake juu kulala.

Kisha mwaka mmoja, msimu ukielekea mwisho, akaniambia anakwenda Darwin. Watu wetu wako huko Australia tangu enzi za kuzamia lulu, na shangazi yake ana duka la mikate. Tiketi ameshapata, ya Novemba. "Usimwambie," akasema. Akasema hivyo akijua vizuri anamwambia nani.

Nikamkuta Themelina nyuma ya banda anasuuza suti za mpira. Nikamwambia. Mkono ukasimama.

"Mwambie asisahau koti," akasema.

"Darwin kuna joto, Themelina."

"Basi mwambie asichukue koti."

Akaendelea kuisuuza suti ambayo ilikuwa imeshatakata. Nikasimama pale nangoja neno lingine. Neno lenyewe lilikuwa dogo, kila mtu kisiwani alilijua, na yeye ndiye mtu pekee wa kulisema. Hakulisema. Nilikasirika nikaondoka. Mwanamke anaweza kuingia kwenye giza la pango na watu sita nyuma yake, halafu anashindwa kumwambia mdogo wake abaki.

Siku ya mwisho ya msimu tulikuwa na Wafini watatu, watu watulivu sana, wanakula mkate wetu mkavu wa shayiri bila kuulowesha na hawalalamiki. Wakashushwa chini, wakaonyeshwa marijani na pweza, wakapandishwa, wakakaa kwenye mashua wanakunywa chai. Ikabaki kazi ya kutoa kamba ya mwongozo pangoni, kwa sababu mawimbi ya majira ya baridi huikata. Wale dada wakarudi chini wawili.

Sasa, ndani kabisa ya Pango la Sili dari inainuka na kufanya kuba. Juu ya maji pale kuna hewa. Unaweza kupanda, ukatoa kichwa, ukavua kipumulio na kuongea. Wageni haturuhusu, hewa yenyewe nzito na inanuka mnyama.

Nikaona mapovu yao yanaingia mwambani, yakapotea. Baadaye yakatoka mapovu ya mtu mmoja. Yakakaa palepale chini ya mashua kama inavyotakiwa kabla ya kupanda, kisha Themelina akashika ngazi.

"Mwenzako yuko wapi?" nikamuuliza.

"Anakunja kamba."

"Umemwacha pangoni peke yake?"

"Njia anaijua."

Hata mgeni wa siku ya kwanza hafanyi hivyo. Unaingia na mtu, unatoka na mtu. Nikafungua mdomo nimtukane, nikamwona uso. Akaketi na mapezi miguuni.

"Amekataa, Sakellaris."

"Amekataa nini?"

"Nilimwonyesha dole gumba, tupande kwenye kuba. Nilitaka kuongea naye. Pale hakuna watu, hakuna wewe. Akanirushia kichwa." Na yeye akakirusha chake nyuma, nyusi juu, kunionyesha.

Kwetu hiyo ndiyo hapana. Hatutikisi kichwa kushoto na kulia. Tunakirusha nyuma, yamekwisha. Wageni wakiuliza kama mkate upo wakarushiwa kichwa, wanatazama angani wanatafuta ndege. Nikasema, "Pole," na nilikuwa namaanisha.

Tukangoja. Mapovu hakuna. Tukangoja tena. Mwambani maji yametulia tuli. Mmoja wa Wafini akaweka kikombe chini. Themelina akasimama, akavua mtungi wake, akaenda kushika mwingine uliojaa.

"Unafanya nini?"

"Nashuka."

"Umepanda sasa hivi, mwili haujapumzika, mjinga wewe! Unataka kutembea kama baba yako?"

"Basi nitambae! Niachie, Sakellaris! Nitambae!"

Nikamshika mkanda. Ana nguvu yule mwanamke, alinipiga kiwiko cha kifua, na nakiri moyo ulikuwa umenihama, kwa sababu kama angeshuka nisingejua nimzuie au nimfuate. Tulikuwa tunavutana hivyo mapovu yalipotokea. Yakakaa, yakakaa, wala hayakuwa na haraka. Kichwa cha Sevasti kikaibuka kando ya ngazi, gurudumu la kamba mkononi, na amenuna.

"Sakellaris," akasema hata kabla ya kuvua barakoa, "mwambie huyo nimemngoja kwenye kuba mpaka hewa imenichefua. Mtu akikuita uongee naye, halafu anakuacha na harufu ya sili!"

Themelina alikuwa bado amekumbatia mtungi. "Mwambie alikataa. Alirusha kichwa."

"Mwambie nilikuwa natazama dari! Lile jiwe la mlangoni mwa kuba lilinipasua paji mwaka jana, nilitaka kujua liko wapi kabla sijapanda. Nikadhani katangulia kufungua kamba atarudi."

"Mwambie kisiwa kizima kikirusha kichwa kinakataa, ila yeye peke yake anatazama mawe!"

"Mwambie—"

"Siambii mtu!" nikapiga kelele. Chai ya Mfini ikamwagika. "Nimechoka! Miaka yote mimi ni bomba la maji machafu, linapita kwangu hili, linapita lile! Mmoja alikuwa anakwenda kujiua hapa sasa hivi, mwingine kakaa anavuta harufu ya sili akingoja, halafu mnaniambia mwambie! Ambianeni wenyewe!"

Nikaenda mbele ya mashua. Mashua si ndefu, nilisikia yote.

Aliyeanza ni Themelina, na sauti haikuwa ya kwake kabisa, ilikuwa nyembamba. "Nilitaka kukuambia usiende."

"Umesemaje?"

"Usiende. Chumba cha nyuma ni chako. Kama hukitaki, chukua cha mbele, mimi nitasema na mume wangu. Na ile siku ya arobaini ya mama, ulivyosikia sivyo nilivyomaanisha."

"Ulimaanisha nini?"

"Nilimaanisha usiharakishe. Nilikuwa nimeshika sahani, Sevasti, nimechoka, nikasema vile. Wewe ukabeba mfuko. Na mimi nikasema, basi, kama anaweza kubeba mfuko hivi hivi, na aende."

"Ungenifuata."

"Ni kweli, ningekufuata."

Nikageuka, siwezi kusema uongo, nikageuka kutazama. Sevasti alikuwa amepanda ngazi na maji yanamtiririka, anamfungua dada yake vidole kimoja kimoja kutoka kwenye mtungi, akauweka chini.

"Dada," akasema. Neno hilo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu mazishi. "Novemba naondoka."

"Si nimekuambia usiende!"

"Umeniambia. Nilikuwa nangoja uniambie. Jana ningeondoka kama mtu aliyefukuzwa. Sasa naondoka kama watu wengine. Nina kwetu."

Themelina akalia kwa sauti, mbele ya Wafini wote, akamwita mdogo wake mshenzi, akamwita mpumbavu, na Sevasti akamshikilia asiteleze, kwa sababu alikuwa bado amevaa mapezi.