Bonde Lina Mwenyewe

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, babako Athmani, kaka yangu, alitupeleka mimi na nyanya yetu kuona kiwanja chake kule bara, chini ya vilima vya Rabai. Nasema haraka, mwanangu, unisamehe. Tangu uliponiambia mafundi wako wanaanza Jumamosi, sikai nikatulia. Nikisikia ngurumo tu, nainuka kuchungulia dirishani.

Kiwanja kilikuwa bondeni, tambarare, udongo mweusi, nyasi mbichi. Babako alifurahi kama mtoto siku ya Idi. Nyanya, aliyezaliwa huko huko vilimani kabla ya kuolewa huku kwetu kisiwani, hakufurahi. Alichomeka bakora yake ardhini, ikazama.

"We Athmani, kule juu kumekauka, hapa nyasi mbichi. Maji haya yatoka wapi?"

"Ni rutuba hiyo, Nyanya."

"Hapa pana mwenyewe, mjukuu wangu. Ni mto. Amesafiri tu."

Tukacheka. Sisi wa Mji wa Kale tumezaliwa juu ya mwamba wa matumbawe. Ukichimba kufika magotini, jembe lagonga jiwe, basi, msingi umepatikana. Babako akachimba kule vivyo hivyo, hadi magotini. Jiwe halikuwapo, naye akajenga. Wallahi, ukaidi wa ukoo wetu!

Masika yakaja. Maji yaliteremka na udongo mwekundu wa vilimani, na ule mweusi wa bondeni ukavimba, kuta zikapasuka, mlango ukakwama. Mto ulikuwa umeshafika barazani. Maji hufuata mkondo, wahenga hawakukosea. Babako alivunja dirisha, akanipa mimi niliyesimama nje kitoto kichanga kilichofungwa kwenye leso, kisha akamtoa mamako. Ulikuwa wewe, mwanangu, nami nimekukumbatia huku miguu yangu yazama matopeni.

Na kiwanja ni kile kile unachotaka kujenga leo, ati kwa kuwa ni urithi.

Sikiliza basi. Mvua ikinyesha, nenda Tudor, pale penye mkono wa bahari, ukayatazame maji yalivyo mekundu. Hivyo ni vilima vya watu vinapita. Bonde lipande mpunga. Nyumba ipandishe kwenye shamba la Nyanya kule juu vilimani, penye udongo mgumu, na uchimbe mpaka jembe likatae. Majuto ni mjukuu, nami sina tena mikono ya kupokea mtoto dirishani.

Mungu akujaalie nyumba ambayo siku ya mvua mlango wake utafunguka.