Kuloweka Papa wa Hitma

Neno lenyewe nililipata kwenye simu, nikiwa ofisini Posta: kumarineti. Nikasoma kwamba asili yake ni bahari, kwamba watu wa kale waliweka samaki kwenye maji ya chumvi wasioze. Basi, likanikaa kichwani. Kila nyama nikawa naimarineti kwa ndimu na viungo, na kila mtu nikawa namsimulia asili ya neno, hata asiyeuliza. Yaani nilikuwa mjuaji hasa, naona aibu hata kuandika.

Mama mkwe wangu, pale Ilala, alikuwa na neno moja tu: kuloweka. Kunde analoweka, mchele wa vitumbua analoweka, na papa mkavu ndiyo usiseme. Kwake kuloweka ni kukiacha kitu kwenye maji mpaka kilegee chenyewe. Kila mwaka, kwenye hitma ya marehemu mumewe, alipika papa wa nazi kwa mkono wake. Si mimi, si mawifi zangu, hakuna aliyegusa sufuria ile. Ilikuwa heshima yake.

Mwaka jana papa nilimnunua mimi, Kariakoo. Mama akaniambia nimloweke tangu alfajiri, nibadilishe maji mara tatu, yeye ajinyooshe kidogo kwa kuwa alikuwa amefunga. Nikamjibu huku nacheka, "Mama, siku hizi tunamarineti." Akasema haya mwanangu, wewe ndiye msomi.

Nikatia ndimu, thomu, tangawizi, na chumvi ya kutosha. Papa aliyekaushwa kwa chumvi, jamani! Hata sikujiuliza kwamba yale maji ya mama yalikuwa ya kuitoa chumvi. Mchana akaja akapika. Hakuonja, kafunga. Aliniamini.

Kisomo kikaisha, masinia yakapelekwa sebuleni. Mzee mmoja alitia tonge la kwanza, akaomba maji. Wa pili naye akaomba. Nilikuwa mlangoni na jagi, na nikajua palepale ni mimi. Mawifi wakaangaliana. Mama mkwe akatoka jikoni, akaangalia wali uliokuwa unaliwa mkavu, papa kasukumwa pembeni, kisha akaniangalia mimi mara moja tu.

"Mniwie radhi," akawaambia wageni. "Chumvi nimezidisha mimi. Uzee huu."

Ilikuwa zamu yangu kusema. Mimi niliyekuwa na hadithi ya kila neno nilikosa hata moja, nikaendelea kumimina maji.

Wageni walipoondoka, wifi mkubwa akamwambia mama taratibu kwamba umri umekwenda, sasa apumzike, hitma ijayo asihangaike na jiko. Mama akaitikia tu, hakubisha. Wakaulizana nani atapika papa mwakani. Wakasema mimi, kwa kuwa napenda mambo ya jikoni. Wifi akanikabidhi sufuria mbele ya mama, nikaipokea.