Nilivyopeleka Posa ya Mikoma Ndera

Watu wa hapa Ngao bado wananiuliza kwa nini mzee wa umri wangu alifunga gunia la maua kwenye pikipiki akaenda nalo mpaka Ndera. Wengine wamesema akili zimeanza kuniaga. Ningefurahi iwe hivyo, maana mwendawazimu hadaiwi maelezo. Mimi nilikwenda kwa sababu zamani, nikiwa na akili zangu zote, nilitoa amri ya kijinga, nayo ikatiiwa.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na alama yangu ya baiolojia ilikuwa nzuri kiasi cha kunidhuru. Kule Ndera, kijiji cha mtoni nilikokuwa nikikaa wakati huo, walinifanya katibu wa kamati ya kujenga ghala la mahindi. Paa lilitaka boriti. Kando ya kijiji palikuwa na kichaka kikubwa cha mikoma, miti ya porini ya jamii ya mnazi; mingine ilizaa makoma mpaka matawi yakainama, mingine ilitoa maua kila mwaka bila tunda hata moja. Msomi nikakumbuka mpapai. Nani asiyejua kwamba mpapai dume hukatwa? Nikasimama mbele ya watu nikatamka: "Kisichozaa kikatwe." Madume yote yakalala chini kwa siku mbili. Nilipigiwa makofi. Baadaye mto ulifurika ukalibeba ghala, boriti na yote, lakini sifa zangu haukuzibeba. Nilirudi nazo Ngao.

Nilikaa nazo salama hadi mwaka huu, alipokuja hapa msichana wa chuo kikuu, mtafiti wa mimea, akitaka mtu wa kumwonyesha njia za msituni. Alikuwa akibana majani na maua katikati ya magazeti ya zamani, kila moja na karatasi ya jina lake na ukoo wake. Nikamsimulia kazi yangu ya Ndera, nikingoja anisifu. Kalamu yake ikasimama.

"Mzee," akasema, "sasa majike yaliyobaki yalizaa na nani?"

Niliokota gazeti moja, nikajifanya nasoma.

Alinifundisha kwa upole, jambo lililozidi kuniumiza. Mkoma una mti dume na mti jike, mbalimbali. Vumbi la ua la dume ndilo linalolitia ua la jike mimba, na wachukuzi ni nyuki na vidudu vidogo. Alisema mimea ya namna hiyo ilijitenga hivyo kidogo kidogo, vizazi visivyohesabika, ili mti usijioe wenyewe, maana uzao wa kujioa huwa dhaifu. Na kuhusu mpapai wangu, aliniambia kwamba ni mgeni kutoka Amerika, wala si ukoo mmoja na mkoma. Mkoma uko karibu zaidi na mahindi na nyasi. Kwa hiyo nilikuwa nimeuhukumu mkoma kwa ushahidi wa mgeni asiyemjua hata jirani yake.

Jioni hiyo nilimpigia simu Bi Habiba wa kule Ndera, mwenye sehemu ya kichaka iliyopakana na nyumba yake.

"Yangu imebaki saba," akasema. "Majike matupu. Maua kila mwaka, tunda hakuna. Sasa Dadho, mtoto wa kaka yangu, anataka kuikata ajengee. Nikimkataza ananiambia ni sheria ya Katibu."

"Katibu gani?"

"Wewe unamjua mwingine?"

Nikamwomba anipigie maua ya majike yakifunguka. Mwezi uliofuata alipiga.

Alfajiri ya siku ya safari, Ngao. Mgema mmoja jirani yangu alinipandia mkoma dume, akanishushia vishada vyenye vidole virefu vilivyojaa maua madogo ya manjano. Nilivifunga kwa gazeti, nikavitia guniani. Mgema aliuliza ni dawa ya nini. Nikamwambia ni posa. Aliziangalia mvi zangu, akamwonea huruma bibi harusi.

Saa tatu asubuhi, Garsen. Nyuki wa mji mzima walipata habari ya gunia langu kabla sijapata chai. Mwenye hoteli aliniomba kwa heshima nikanywee chai ng'ambo ya barabara. Pikapu iliyobeba ngozi za mbuzi ikakubali kunichukua kuelekea upande wa Hola. Dereva alisema harufu yangu haiwezi kuishinda ya mzigo wake.

Saa saba mchana nilishuka kwenye njia panda ya kwenda mtoni nikachukua bodaboda. Kijana mwenye pikipiki alikuwa msemaji. Alinieleza habari za kuku wake.

"Babu, huyo kuku ni hasara. Anaatamia wiki tatu, hakuna yai linaanguliwa. Mara ya pili hii. Nitamla tu. Kwetu kuna sheria ya Katibu: kisichozaa kikatwe."

"Huyo Katibu alikuwa nani?"

"Mtu wa zamani, msomi kabisa. Hata timu yetu tulimtoa mshambuliaji kwa hiyo sheria. Hakufunga mechi nne."

Nimeishi miaka mingi nikitamani neno langu moja likumbukwe. Mungu ni mkarimu, tena ana mzaha.

Saa tisa nilivushwa kwa mtumbwi hadi kijijini. Bi Habiba alikuwa ameketi kibarazani akisuka mkeka wa ukindu. Hakuinuka.

"Karibu, Katibu. Umezeeka vibaya."

"Wewe je, Bi Habiba?"

"Mimi nimezeeka vizuri. Sikumkata mtu." Akanisogezea kigoda. "Mama yangu alitulisha makoma mwaka wa njaa. Aliyatwanga, akatupa ugali wake. Ulipokata madume alikwambia, mwanangu, miti hii huishi pamoja. Ukamwambia hakusoma."

Nilikuwa nimelisahau hilo. Nililikumbuka palepale, pamoja na jinsi nilivyocheka.

Dadho akatokea nyuma ya nyumba, shoka begani. Ni mtu mzima wa watoto watano, fundi wa nyumba za wenzake, yake mwenyewe haina paa. Nilimweleza yote: dume, jike, vumbi, vidudu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, tulikata kwa neno lako. Leo tuache kwa neno lako. Huna kazi nyingine?"

"Nilikosea."

"Kukosea kwako hakunikingi mvua." Akalishusha shoka. "Sawa. Nitapanda juu mimi, nitafanya unavyosema. Nitangoja mwezi mmoja. Tunda likishika, sikati. Lisiposhika, nakata yote saba. Na jambo moja. Wewe utasema mbele ya watu, wakitoka msikitini. Mimi sitaki kuitwa mjinga aliyeahirisha paa kwa ajili ya maua."

Baada ya sala ya alasiri nilisimama mahali palepale, au karibu yake, maana mto umekula kipande. Nilisema: mimi ndiye Katibu, sheria ile ni ya uongo, niliitoa kwa mti nisioujua kwa sababu nilijua mwingine. Dume halizai, lakini bila dume hakuna kinachozaa. Nilitegemea ghadhabu. Mzee mmoja wa rika langu akajikuna ndevu.

"Tulidhani umekuja kuomba kura," akasema.

Mwingine akasema, "Ningeijua hiyo mapema, mke wangu asingeniuliza kila siku nina kazi gani hapa nyumbani."

Walicheka. Afadhali wangenitukana. Bi Habiba, aliyekuwa akisikiliza kando na wanawake wenzake, hakucheka. Alinitazama tu, kama mtu anayehakikisha kwamba mzigo umefika.

Asubuhi iliyofuata, kichakani. Dadho alipanda mikoma minne. Mitatu iliyobaki ilikuwa mirefu mno hata kwake. Aliyakung'uta maua ya dume juu ya maua ya majike, mimi nikiwa chini nikitoa maelekezo ambayo hakuyahitaji. Vumbi la manjano lilinishukia kichwani.

"Shangazi," akaita Dadho kutoka juu, "mshenga wako naye anapata mimba."

Safari ya kurudi ilianza mchana. Kijana wa bodaboda alikuwa palepale ng'ambo ya mto. Tulipofika katikati ya njia nikamwambia kwamba Katibu ni mimi. Alipunguza mwendo.

"Kumbe uko hai."

"Niko hai, na sheria ile nimeifuta. Sasa nijibu. Hapo kwako jogoo yuko wapi?"

Alikwepa shimo moja kwanza.

"Jogoo tulimchinja Idi."

Aliponishusha njia panda alisema atamwacha kuku kwanza.

Nyumbani Ngao nilihesabu siku kama mtu anayengoja hukumu. Nilimuuliza yule mtafiti kwa simu kama naweza kupanda madume mapya. Alisema naweza kupanda mbegu, ila mche haujitaji ni dume au jike hadi utoe maua, na hiyo ni miaka mingi. Hakusema mingapi. Aliisikia sauti yangu, akanisitiri. Hata hivyo nikapeleka mbegu Ndera kwa mkono wa dereva.

Siku ya ishirini na nane Bi Habiba alipiga.

"Katika ile minne, mitatu hakuna kitu," akasema. "Maua yamekauka, yameanguka."

"Na wa nne?"

"Wa nne una vijitunda tisa. Vidogo kama punje za mahindi. Dadho amepanda mara mbili kuvihesabu, hakuamini ya kwanza."

"Shoka?"

"Amelipeleka ng'ambo kukatia miti ya kununua ya paa lake. Analalamika, lakini amelipeleka."

Basi nilichojifunza ni hiki, na sikukipata darasani. Neno langu lilitumia siku mbili kuyaondoa madume yote. Kulirudisha kunanitaka kila mwaka niende na gunia, nifukuzwe hotelini na nyuki, nibembeleze mti mmoja mmoja. Na mbegu nilizopeleka zikiota, kivuli chake si changu. Nilimwambia Bi Habiba hivyo, nikidhani atanifariji.

"Mwakani njoo mapema, kabla maua hayajachoka," akasema. "Na ukifa, tuma mtu."